Umebaguliwa kazini serikalini Marekani: nani ana mamlaka ya kukusikiliza?

Tangu serikali ya shirikisho ya Marekani ilipoanza kupunguza watumishi kwa wingi mapema 2025, swali moja limezunguka sana: mtu anayeamini ameondolewa kazini kwa sababu ya rangi, dini, jinsia, umri au ulemavu wake, apeleke malalamiko wapi? Mmoja humwambia aende EEOC, tume ya ubaguzi kazini. Mwingine humtajia MSPB, bodi ya rufaa za watumishi wa serikali. Wakili anasema mahakama ya wilaya, na barua yenyewe ya kumwachisha kazi inataja njia kadhaa, kila moja na idadi yake ya siku. Hakuna kati yao anayedanganya. Kila mmoja ameshika kipande chake, na vipande hivyo havifai kutumika bila kujua mpangilio wake.

Tuanze na neno linaloponza wengi: mamlaka. Kisheria, mamlaka ni uwezo wa chombo fulani kusikiliza shauri la aina fulani. Mwamuzi wa mpira anaweza kuiona wazi rafu iliyochezwa kwenye uwanja wa jirani, lakini filimbi yake haina kazi kule. Baraza likisema halina mamlaka, halijatamka lolote kuhusu kama ulibaguliwa au la. Aliyeshindwa kwa hoja ameshindwa. Aliyeambiwa "si hapa" mara nyingi bado ana pa kwenda, mradi siku hazijamwishia.

Vyombo vinavyohusika

EEOC ni Tume ya Fursa Sawa za Ajira, iliyozaliwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Watumishi wa serikali ya shirikisho hawakuwa ndani ya ulinzi wa sheria hiyo mpaka Bunge lilipoirekebisha mwaka 1972. MSPB ni bodi inayolinda mfumo wa ajira za serikali unaofuata sifa na stahili za mtu. Iliundwa na Sheria ya Marekebisho ya Utumishi wa Umma ya 1978, na ina wajumbe watatu wanaoteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti, wasiozidi wawili kutoka chama kimoja. Hapa tutaiita Bodi.

Tume kazi yake ni ubaguzi. Bodi kazi yake ni adhabu na maamuzi mazito ya kiajira: je, mwajiri alikuwa na sababu, alifuata utaratibu, adhabu inalingana na kosa? Tatizo linaanza pale mtu anapofukuzwa kazi, jambo la Bodi, na papo hapo anadai kwamba amefukuzwa kwa ubaguzi, jambo la Tume. Shauri la namna hiyo wanasheria huliita shauri mseto, na karibu utata wote wa eneo hili umejificha humo.

Juu ya vyombo hivi kuna mahakama za aina mbili. Ya kwanza ni Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Shirikisho, yenye makao Washington, iliyoanzishwa mwaka 1982 na ambayo kwa kawaida ndiyo inayopitia maamuzi ya Bodi. Ya pili ni mahakama za wilaya za shirikisho, zilizotapakaa nchi nzima. Jina lisikudanganye, hizi si mahakama ndogo: ndizo zinazosikiliza ushahidi katika kesi za shirikisho, zikiwa na jaji na, panaporuhusiwa, jopo la raia wanaoamua ukweli wa mambo.

Kwanza angalia kitendo, kisha sababu

Uvumi unaorudiwa kuliko wote ni kwamba ukitaja ubaguzi, Bodi inalazimika kukusikiliza. Si kweli. Bodi haina mamlaka ya jumla juu ya ubaguzi. Inaangalia kwanza ulichofanyiwa, na kama kitendo hicho hakimo kwenye orodha ya sheria, ubaguzi hata uwe wa wazi kiasi gani hauifungulii njia.

Orodha yenyewe, ukiacha mambo machache ya pembeni, ni fupi: kuachishwa kazi, kusimamishwa kazi bila mshahara kwa zaidi ya siku 14, kushushwa daraja, kupunguziwa mshahara, na kupewa likizo ya lazima bila malipo isiyozidi siku 30. Kuondolewa au kushushwa daraja kwa sababu ya utendaji duni nako kumo. Soma vizuri hapo penye siku 14. Aliyesimamishwa siku 14 kamili hana rufaa kwenye Bodi. Aliyesimamishwa siku 15 anayo. Wakuu wa idara wanaijua hesabu hii, ndiyo maana adhabu ya siku 14 haina ugeni katika ofisi za serikali.

Karipio la maandishi, tathmini mbaya ya kazi, kunyimwa cheo, kuhamishiwa kitengo kingine kwa daraja na mshahara uleule, kunyanyaswa na msimamizi: hayo yote kwa kawaida hayafiki kwenye Bodi. Yanaweza kabisa kuwa ubaguzi. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muldrow dhidi ya jiji la St. Louis, ilisema kwamba anayepinga uhamisho wa kibaguzi halazimiki kuonyesha madhara makubwa. Inatosha aonyeshe kwamba masharti ya kazi yake yameathirika kwa namna fulani. Kwa hiyo kesi ya uhamisho inaweza kuwa nzuri sana huku Bodi ikiwa haina la kusema juu yake.

Pia kuna suala la wewe ni nani. Walio katika kipindi cha majaribio kwa kawaida hawana haki kamili ya rufaa kwenye Bodi, na ndiyo maana wengi walioachishwa kazi mwaka 2025 walijikuta wakirudishwa mlangoni. Wafanyakazi wa posta wengi wako nje, isipokuwa mameneja, wasimamizi, na wenye upendeleo wa kisheria wanaopewa maveterani. Hata hivyo, kukosa haki ya kwenda kwenye Bodi hakumnyimi mtu haki ya kulalamikia ubaguzi. Aliye katika majaribio akibaguliwa ana njia ya Tume kama mwenzake wa miaka 20.

Njia ya ubaguzi mtupu

Kama kitendo ulichofanyiwa hakimo kwenye orodha ya Bodi, njia ni moja, na inaanzia ndani ya idara yako mwenyewe. Hapa watu huchanganya na sekta binafsi. Mfanyakazi wa kampuni anapeleka malalamiko moja kwa moja EEOC, akiwa na siku 180, au 300 katika maeneo mengi. Mtumishi wa shirikisho ana siku 45 tu za kuwasiliana na mshauri wa fursa sawa wa idara yake, zikihesabiwa tangu siku ya tukio, au tangu siku uamuzi wa kiajira ulipoanza kutumika. Aliyesoma kuhusu siku 180 mtandaoni akatulia, anashtuka wakati muda umeshapita.

Ushauri huo kwa kawaida huchukua siku 30 na unaweza kurefushwa hadi 90 kwa ridhaa yako. Ukimalizika bila suluhu unapewa notisi, na una siku 15 za kuwasilisha malalamiko rasmi. Idara ina siku 180 za kuchunguza. Ukipata ripoti ya uchunguzi, una siku 30 za kuomba shauri lisikilizwe na jaji wa utawala wa EEOC. Vinginevyo idara yenyewe itatoa uamuzi wa mwisho. Uamuzi usipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa EEOC, au siku 90 za kufungua kesi mahakama ya wilaya. Siku 180 zikipita tangu malalamiko rasmi bila uamuzi wowote, unaweza kwenda mahakamani bila kusubiri.

Kwenye umri kuna njia ya mkato: mwenye miaka 40 au zaidi anaweza kuiruka safari hii kwa kuipa Tume notisi ya nia ya kushitaki ndani ya siku 180 tangu tukio, kisha akangoja angalau siku 30 kabla ya kufungua kesi. Hasara yake ni kwamba katika kesi za umri dhidi ya serikali ya shirikisho hakuna jopo la raia. Jaji anaamua peke yake.

Shauri mseto: chagua njia moja

Sasa chukulia umefukuzwa kazi na unaamini sababu ni asili yako. Una njia mbili za kuingilia. Unaweza kuwasilisha malalamiko rasmi ya ubaguzi kwenye idara yako baada ya ushauri, au kukata rufaa moja kwa moja kwenye Bodi ndani ya siku 30 tangu kufukuzwa kulipoanza kutumika au ulipopokea uamuzi, lolote lililokuja baadaye. Huwezi kufanya yote mawili. Ile uliyoiwasilisha kwanza rasmi ndiyo inayohesabika kuwa chaguo lako. Kuzungumza na mshauri peke yake si chaguo, kwa hiyo hakukufungi. Wenye chama cha wafanyakazi wanaweza kuwa na njia ya tatu, utaratibu wa malalamiko wa mkataba wa pamoja, nayo ikishachaguliwa hufunga zile nyingine mbili.

Ukienda kwa idara, saa inakwenda tofauti na ile ya ubaguzi mtupu. Idara ina siku 120 za kutoa uamuzi, na hakuna kusikilizwa na jaji wa EEOC katikati. Siku 120 zikipita kimya, unaweza kwenda kwenye Bodi au mahakama ya wilaya. Uamuzi ukitoka, una siku 30 za kuchagua mojawapo. Siku 90 za njia ya ubaguzi mtupu hazipo hapa. Aliyezikariri siku 90 akidhani ni za kila kesi amejichimbia shimo.

Na ukienda kwenye Bodi, halafu Bodi ikasema haina mamlaka? Hapa sheria ina huruma ambayo wachache wanaijua. Idara inatakiwa kukuandikia haraka kwamba una siku 45 tangu kupokea notisi hiyo za kuwasiliana na mshauri wa fursa sawa, na siku uliyokata rufaa kwenye Bodi inahesabiwa kuwa ndiyo siku uliyomwona mshauri kwa mara ya kwanza. Yaani aliyekosea lango kwa nia njema hapotezi nafasi yake. Idara isipoleta notisi hiyo, idai kwa maandishi.

Baada ya Bodi, mahakama ipi?

Hili ndilo swali lililofika Mahakama ya Juu mara mbili ndani ya miaka mitano. Kanuni ya jumla ni kwamba maamuzi ya Bodi hupitiwa na Mzunguko wa Shirikisho. Lakini sheria ya 1978 iliweka pembeni mashauri ya ubaguzi: hayo yaende mahakama ya wilaya. Ubishi ulikuwa juu ya shauri mseto ambalo Bodi ililitupa bila kugusa ubaguzi wenyewe.

Katika Kloeckner dhidi ya Solis, mfanyakazi wa Wizara ya Kazi aliambiwa na Bodi kwamba amechelewa. Serikali ikasema kuchelewa ni suala la utaratibu, kwa hiyo aende Mzunguko wa Shirikisho. Desemba 2012 majaji wote tisa walikataa, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Elena Kagan: shauri mseto linakwenda mahakama ya wilaya, liwe lilitupwa kwa utaratibu au kwa hoja.

Serikali haikukata tamaa. Ikasema basi hukumu hiyo haihusu mashauri yanayotupwa kwa kukosa mamlaka. Ndipo ikaja Perry dhidi ya MSPB. Mtumishi wa Ofisi ya Sensa alikuwa ametishiwa kufukuzwa kwa madai ya mahudhurio mabovu. Akakubali kwa mkataba kusimamishwa siku 30 na kustaafu mapema. Baadaye akadai alishurutishwa kuusaini na kwamba chanzo kilikuwa ubaguzi. Bodi ikasema kustaafu kwa hiari si kufukuzwa, kwa hiyo haina mamlaka, na ikamwelekeza Mzunguko wa Shirikisho. Juni 2017, kwa kura 7 dhidi ya 2, Jaji Ruth Bader Ginsburg akiandika kwa niaba ya wengi, Mahakama ilisema hata hilo linakwenda mahakama ya wilaya. Jaji Neil Gorsuch, akiungwa mkono na Clarence Thomas, alipinga. Kwake Mahakama ilikuwa inaiandika sheria upya, na kwa kweli ukiisoma sheria hiyo neno kwa neno hoja yake si ya kupuuzwa. Lakini fikiria upande wa pili: wengi wa watu hawa hawana wakili, halafu unawataka waigawe kesi moja vipande viwili na kuvipeleka mahakama mbili.

Kesi ya Perry inagusa pia dhana kwamba ukijiuzulu au kustaafu mambo yamekwisha. Sheria hudhani kujiuzulu ni hiari, lakini dhana hiyo inaweza kuvunjwa ukionyesha shuruti, taarifa za uongo kutoka kwa mwajiri, au mazingira yasiyovumilika kiasi kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu angeondoka. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, na ni mzito. Ushahidi unaosaidia ni wa siku zilezile: barua pepe, tarehe uliyopewa fomu, muda uliopewa kufikiri, na kama uliomba kuondoa barua yako ya kujiuzulu kabla haijaanza kutumika.

Anayetaka kwenda Mzunguko wa Shirikisho hata hivyo anaweza, kwa bei moja: aachane kabisa na madai ya ubaguzi. Mahakama hiyo humtaka kila mtumishi anayetoka kwenye Bodi ajaze tamko kuhusu ubaguzi, na huwezi kuandika kwamba umeyaacha kisha ukayarejesha kwenye hoja zako. Kule mapitio ni ya kumbukumbu zilizopo tu. Mahakama ya wilaya husikiliza dai la ubaguzi upya kuanzia mwanzo, kwa mashahidi na nyaraka mpya, ingawa masuala mengine ya shauri hupimwa kwa kumbukumbu za Bodi. Na huko ndiko kwenye fidia ya maumivu ya kihisia inayoweza kuamuliwa na jopo la raia, yenye kikomo cha dola 300,000 mbali na mishahara uliyokosa. Adhabu ya ziada ya fedha dhidi ya serikali haipo.

Angalizo dogo: si kila dhuluma hulifanya shauri kuwa mseto. Wanaohesabika ni wanaodai rangi, dini, jinsia, asili ya taifa, umri au ulemavu. Kubaguliwa kwa hali ya ndoa au kwa chama cha siasa kumekatazwa katika utumishi, lakini hakumo katika kundi hili.

Siku zinazofunga na siku zinazosamehewa

Je, kuchelewa kunaiondolea mahakama mamlaka? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ndiyo kirahisi mno. Sasa Mahakama ya Juu inatenganisha mambo mawili: mipaka ya mamlaka, ambayo hakuna jaji anayeweza kuisogeza, na taratibu za kuendesha kesi, ambazo zinaweza kulegezwa. Mwaka 2019, katika Fort Bend dhidi ya Davis, ilisema sharti la kupeleka malalamiko kwanza EEOC ni utaratibu. Mwajiri asipolipinga mapema, amelipoteza pingamizi hilo. Mei 2024, katika Harrow dhidi ya Wizara ya Ulinzi, ikasema hivyohivyo kuhusu siku 60 za kwenda Mzunguko wa Shirikisho. Harrow alipinga likizo ya lazima ya siku sita ya mwaka 2013. Bodi ikakosa akidi kuanzia Januari 2017 hadi Machi 2022, na uamuzi ulipotoka Mei 2022, ulitumwa kwenye anwani yake ya zamani ya barua pepe, naye akachelewa.

Kulegezwa, hata hivyo, kunahitaji sababu yenye uzito, si ile ya kwamba nilikuwa na shughuli nyingi. Na kuhusu siku 30 za kutoka kwenye Bodi kwenda mahakama ya wilaya, mahakama za rufaa za mikoa zimetofautiana kwa muda mrefu kama ni mpaka wa mamlaka au la. Mwenye busara azichukulie kama ukuta.

Akidi nayo ina jambo la kujua. Bodi iliikosa tena mwaka 2025, na bila akidi majaji wake wa utawala huendelea kutoa maamuzi ya awali lakini rufaa za ndani hukwama juu. Katika shauri mseto hulazimiki kungoja: siku 120 zikipita tangu ukate rufaa kwenye Bodi bila uamuzi unaoweza kupitiwa, sheria inakuruhusu kwenda mahakama ya wilaya. Vilevile, uamuzi wa awali wa jaji wa utawala hugeuka wa mwisho baada ya siku 35 kama hakuna aliyeomba upitiwe, na kuanzia hapo saa ya mahakamani imeanza kugonga.

Makosa yanayoua kesi nzuri ni ya kawaida mno. Mtu anaishitaki Bodi au idara, wakati sheria inataka mshitakiwa awe mkuu wa wizara au wakala husika, kwa cheo chake. Mtu anatuma hati kwa posta siku ya mwisho akijua Bodi huhesabu muhuri wa posta, asijue kwamba mahakama huhesabu siku hati ilipoifikia. Na mwanzo wa kuhesabu nao hutofautiana: siku 60 za Mzunguko wa Shirikisho huanza Bodi inapotoa notisi ya uamuzi, ilhali siku 30 za mahakama ya wilaya huanza wewe unapoipokea.

Tofauti ya 60 na 30 ndiyo iliyowakamata wengi. Tuseme umepokea uamuzi siku ileile uliotolewa, ukapeleka shauri mseto Mzunguko wa Shirikisho siku ya 50, ukiamini umewahi. Mahakama hiyo haiwezi kulisikiliza. Sheria inairuhusu kulihamishia mahakama ya wilaya badala ya kulitupa, lakini kwa sharti kwamba lingeweza kufunguliwa huko siku ile ulipolipeleka. Siku ya 50, muda wa mahakama ya wilaya ulikuwa umepita kwa siku 20.